Papadi Juu ya Paneli

Anayenisoma leo kwa mara ya kwanza nitamweleza kwa kifupi. Aliyenifuata tangu mwanzo anivumilie, maana hasira zangu hazijapoa, na kila nikisimulia zinazidi.

Naitwa Nunu, binti wa marehemu Sheikhan, yule wa duka la karabai na redio pale Mchafukoge, ukivuka tu kutoka Kariakoo. Mume alinipa talaka, hayo mmeyasoma. Mzigo wangu ukalala bandarini mpaka maboksi yakaota ukungu, hayo nayo mmeyasoma. Baba alipofariki, duka likagawanywa kwa sheria ya dini yetu: mdogo wangu Azzam mafungu mawili, mimi fungu moja. Na sheria sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na Azzam, ambaye nilimlea mimi, nikamfunga kamba za viatu mimi, halafu alipoota ndevu akataka mafungu yake yageuke tiketi ya kwenda Maskati.

Mnunuzi hakuhitaji kutafutwa. Yuko ukuta wa pili, mzee Rajnikant, muuza jenereta. Huyu bwana amelitamani duka la baba tangu mimi nasuka nywele mbili. Anataka kuvunja ukuta apanue lake.

Mwaka huo wa 2006 nyota yake iling'aa. Mvua zilikataa, mabwawa yakakauka, umeme ukawa wa mgao. Kila mwenye duka akakimbilia jenereta, na kila jenereta ilipita mikononi mwa Rajnikant. Mimi nikaenda kinyume. Serikali ilikuwa imefuta kodi kwenye vifaa vya sola, basi nikauza bangili zangu za dhahabu, nikatoa karabai za baba kwenye rafu, nikaweka paneli. Mtaa mzima ukanicheka.

Kisha wizara ikatangaza kwamba itachagua duka moja la mjini lipeleke sola kwenye zahanati za vijijini, nusu ya gharama ikibebwa na serikali. Azzam akala kiapo mbele ya shangazi yetu Huda. "Ukiipata hiyo kazi, siuzi," alisema. "Ukiikosa, usije ukanililia."

Niliishia pale wizara ilipotuma ujumbe kwamba mkaguzi atafika Jumamosi, adhuhuri.

Basi Jumamosi ilifika.

Umeme ulikatika asubuhi na mapema. Jenereta zikawashwa mlango kwa mlango, mtaa ukanguruma, ukimwita mtu unamwita kwa mikono. Ya Rajnikant aliipanga makusudi, bomba la moshi likitazama dukani kwangu.

"Shikamoo mzee," nikamwambia. Hata ukimchukia mtu, akiwa rika la baba yako shikamoo yake unampa.

"Marahaba, binti Sheikhan. Leo ndiyo serikali inakuja kukuposa?"

"Geuza bomba lako. Moshi wote unaingia kwangu."

"Moshi una macho? Unaenda unakotaka."

"Hao wanaokuja leo ndio wanaoupiga vita huo moshi. Wanasema hewa chafu yenu ndiyo inayoipasha dunia joto mpaka mvua zinagoma."

Rajnikant akacheka mpaka meno ya bandia yakamcheza. "Dunia! Nikizima hii, mtaa huu hauuzi hata kiberiti. Sikiliza nikwambie. Mimi serikali naijua. Nyumba ya marehemu baba yangu waliichukua kwa tangazo la redioni. Tumekaa mezani tunakunywa chai, tukaambiwa nyumba si yenu. Leo hao hao wanakugawia jua? Kunywa tu hiyo chai, bili utaiona."

"Hayo ya zamani, mzee. Sasa hivi ni soko huria."

"Ndiyo, na mimi nimo sokoni. Duka lako nalitaka. Baba yako, Mungu amrehemu, alijua nalitaka, na wewe unajua."

Kwa hilo peke yake namsifu. Alinichukia mchana kweupe, sikuhitaji kumpeleleza.

Ndani, fundi wangu Tarsis alikuwa amepiga magoti mbele ya friji. Tarsis ni kijana wa Kihaya, mpole, anaongea kwa vipande. Sharti la wizara lilikuwa rahisi kulisema: friji ya chanjo iwake kwa jua tupu, hakuna umeme wa ukutani, hakuna jenereta. Ndani tuweke kikombe cha maji. Mkaguzi akija akute barafu.

"Dada Nunu, hebu njoo."

Nikaenda. Kile kiboksi kinachopokea umeme wa paneli kilikuwa kinawasha taa nyekundu. Siku zote huwasha ya kijani.

"Betri imekwisha," Tarsis akasema. "Huko juu hakuna kinachoshuka."

"Jana si tulipima?"

"Jana kilishuka. Leo hakuna."

Azzam alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, anakunywa kahawa. Hakugeuka. "Labda mawingu," akasema.

"Mawingu gani, Azzam? Toka nje utazame."

Jua lilikuwa linakaanga. Lami ilikuwa inanata kwenye viatu. Nikaliangalia jua, nikaiangalia taa nyekundu. Nikashika ngazi.

Jengo letu ni la ghorofa tatu, maduka chini, familia juu, na juu kabisa kuna paa la zege. Hapo ndipo nilipofunga paneli zangu. Mlango wa paa una kufuli na funguo zake ni mbili, wangu na wa Azzam. Usiku uliotangulia niliufunga kwa mkono wangu, ufunguo nikautundika kwenye msumari dukani.

Niliukuta wazi.

Nikasikia vicheko vya wanawake. Nikatokeza kichwa.

Paneli zangu zote zilikuwa zimetandikwa vitambaa vyeupe vya melimeli. Juu ya vitambaa, papadi. Vile vikate vyembamba vya unga wa choroko wanavyovila Wahindi, vimepangwa safu kwa safu, vinakauka. Huwezi kuona hata ncha ya kioo.

Mke wa Rajnikant, Ila, alikuwa amechuchumaa na bakuli la unga. Pembeni yake binti yao Khushi, ambaye alikuwa anaolewa wiki inayofuata, anasukuma kwa mti wa kusukumia chapati. Kulikuwa na shangazi zake wawili pia, wanapokezana.

Ila aliponiona akatabasamu. Mimi na Ila tulikuwa hatutabasamiani. Tumekaa ngazi moja miaka mingi na salamu zetu zilikuwa za kulazimishana.

"Nunu! Karibu!" akasema. "Kioo chako hiki ni baraka tupu. Pale chini kunguru wanatuchafulia, masizi ya jenereta nayo yanaangukia chakula. Hapa pasafi, tena pa moto. Papadi za kukauka siku mbili zimekauka asubuhi moja!"

Nilikwenda kwenye paneli ya kwanza, nikashika pembe ya kitambaa, nikavuta.

Papadi zikaruka. Nikaenda ya pili, nikavuta. Ya tatu. Kunguru waliokuwa wamejipanga kwenye tangi la maji wakateremka wote kwa pamoja, ukawa ugomvi wa mabawa na makelele.

"Hii ni meza?" nilikuwa napiga kelele. "Mnaona hii ni meza? Hii ndiyo riziki yangu! Mnaifunika kwa vikaratasi vyenu vya kula!"

"Nunu, taratibu! Nunu!"

Nikazikanyaga. Sitawaambia niliteleza. Nilizikanyaga kwa makusudi, mguu wa kulia na wa kushoto, zikalia kama majani makavu, na kwa Mungu, nilisikia raha.

Khushi ndiye aliyenisimamisha. Hakunigusa. Alianza kulia tu, kwa sauti ya mtoto, huku ameshika kipande kimoja. Kilikuwa na doa jekundu katikati.

Ila akasimama. Tabasamu lilikuwa limekwisha.

"Hizi ni za harusi ya mwanangu," akasema. "Za kwanza tunaziombea na kuzitia alama. Wanaozisukuma ni wanawake wenye ndoa zao, ili na yeye ndoa yake isimame. Mama yangu alinifanyia mimi. Na leo umezikanyaga wewe."

Alilitamka hilo "wewe" polepole. Nililielewa. Mtaa mzima unajua mimi ni mtalaka. Aliniumiza mahali alipotaka.

Lakini nilikuwa na swali moja, na nikaling'ang'ania. "Nani kawafungulia mlango?"

"Azzam."

"Azzam gani?"

"Una wangapi? Alitukuta tunahangaika na kunguru kwenye veranda. Akatuambia mbona mnateseka, juu kuna kioo kikubwa, tandazeni. Akatupandisha mwenyewe. Na ufunguo akatuachia."

Nilishuka zile ngazi sijui vipi. Kitu ninachokumbuka ni Azzam bado amekaa na kikombe chake, mguu juu ya mguu.

"Wewe ndiye uliyewafungulia?"

"Waliomba mahali pa kuanikia. Ningewanyima? Majirani wale."

"Tangu lini unawapenda majirani? Ulijua leo ni leo!"

"Da' Nunu, punguza sauti, watu wanasikia."

"Wasikie! Nilikupikia uji wewe. Nilikupeleka shule wewe. Ulijua, ukanifunikia jua langu kwa mikono ya wanawake wa watu!"

Akaweka kikombe chini. Kwa mara ya kwanza siku hiyo akanitazama machoni. "Ndiyo, nilijua," akasema. "Wewe unataka kukaa humu kulinda kaburi la baba mpaka ufe. Mimi bado kijana. Kila nikikwambia tuuze, unaniletea serikali, unaniletea jua, unaniletea zahanati za watu nisiowajua. Nimechoka."

Tarsis alikuwa ameinama anajifanya anakaza skrubu. Aliinuka akasema tu, "Dada, taa imekuwa ya kijani," akainama tena.

Mimi nilikuwa nimeshavua kiatu. Nilikuwa nimekiinua hewani, Azzam amejikinga kwa kiwiko, pale sauti ya kike iliposema mlangoni:

"Hodi jamani. Hapa ndipo kwa Sheikhan?"

Alikuwa mama wa makamo, mweusi tii, mwavuli mkononi, viatu vya kutembelea. Akajitambulisha: Euphrasia, kutoka wizarani. Alikuwa amewahi.

Nikavaa kiatu. "Karibu mama. Shikamoo."

"Marahaba. Naona mko kwenye kikao."

Akaenda moja kwa moja kwenye friji, akafungua, akatoa kikombe, akachovya kidole.

"Haya ni maji," akasema.

"Mama, naomba unipe mpaka saa nane."

"Kwa nini saa nane? Niliandika adhuhuri. Jua limechelewa kuamka?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema waya ulikatika, panya, kutu. Lakini nilikuwa nimejaa hasira mpaka kooni na ukweli ukanitoka wenyewe. "Jirani yangu ameanika papadi juu ya paneli."

Nilitegemea acheke, au aondoke. Euphrasia akavuta kigoda cha Azzam, akakaa.

"Unajua kwamba hilo ndilo linalonitembeza?" akasema. "Kuna zahanati moja huko mikoani tuliifungia paneli nzuri kabisa. Tuliporudi tukakuta zimejaa dagaa. Kina mama waliona kioo cha moto, pasafi, mbwa hafiki. Wakaanika. Chanjo zote zikaharibika. Nikawauliza, kwa nini? Wakaniambia, hakuna aliyetueleza."

"Sasa mimi hapa..."

"Ngoja nimalize. Serikali inaweza kufuta kodi. Inaweza kulipa nusu ya gharama. Tunaweza kukaa kwenye semina tukahesabu gesi chafu tulizopunguza. Kama anayeishi chini ya paneli hajui ni kitu gani, tumetupa. Kwa hiyo nitakupa mpaka saa nane, ila nataka vitu viwili. Nataka barafu. Na namtaka huyo mama jirani aje hapa, aniambie kwa kinywa chake ulimweleza nini kuhusu hizo paneli."

Mtu wa pekee aliyeweza kuniokoa alikuwa yule ambaye nimetoka kukanyaga harusi ya mwanawe.

Azzam akakohoa kuficha kicheko.

Nikapanda tena ngazi, safari hii polepole. Ghorofa ya tatu, nikabisha. Ila akafungua mlango nusu, mnyororo haujatolewa.

"Mama Khushi, nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi au ushahidi?" akasema. "Rajni ameshapanda kunihadithia. Alikuwa ukutani anasikiliza."

Hapo hata uongo haukuwa na njia. "Vyote viwili," nikamjibu.

"Angalau hili la kweli."

"Nitazilipa papadi. Nitanunua unga, nitaleta wa kusaidia kusukuma."

"Wa kusaidia wapi? Zile zilishaombewa. Khushi amejifungia chumbani, anasema ni mkosi, hataki harusi. Utamlipa nini?"

Kutoka ndani nilisikia shangazi mmoja anabembeleza kwa Kigujarati, na kwikwi.

"Unataka niseme nini huko chini?" Ila akaniuliza.

"Sema nilikueleza kwamba paneli hazifunikwi."

"Ulinieleza?"

Nikatazama sakafu.

"Nitakuja," akasema. "Nitasema ninalolijua." Akafunga mlango.

Kusubiri kule sitamtakia hata mtalaka wangu. Tarsis kila mara anafungua friji kidogo tu, anachungulia, anafunga. Euphrasia anasoma gazeti. Azzam amesimama nje, bega kwa bega na Rajnikant, wananong'ona, na moshi wa jenereta unaingia dukani kama kawaida. Nilikuwa na nia ya kumuuliza mdogo wangu ana mazungumzo gani na yule mzee. Nikajizuia, mkaguzi yupo.

Saa nane kasoro, Ila akashuka. Alikuwa amebadilisha sari, amechana nywele, kama mtu anayekwenda mahakamani. Mumewe akaingia nyuma yake, Azzam nyuma ya mumewe.

Euphrasia akamkaribisha kiti. Ila akakataa kukaa.

"Mama," Euphrasia akasema, "huyu dada aliwahi kukueleza paneli ni kitu gani?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Hata neno. Miaka yote tunapishana ngazini, na salamu yake ananitupia kama mtu anayetema mate. Vioo vilipopandishwa juu, nilimuuliza huyu fundi ni vya nini. Akaniambia kamuulize mwenyewe. Nikasema bora nisijue."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Nilikuwa nimewaeleza kuhusu sola wauza kahawa, wapita njia, hata watoto wa madrasa. Ila wa ghorofa ya tatu sikumweleza, kwa kuwa ni mke wa Rajnikant, na mke wa Rajnikant nilikuwa simpi hata hadithi.

Nikaona duka la baba linaniponyoka.

"Asante kwa kusema kweli," Euphrasia akasema, akaanza kukunja gazeti lake.

"Sijamaliza," Ila akasema. "Aliyenieleza ni huyu mdogo wake. Nilimuuliza, dada yako hatakasirika tukitandaza? Akaniambia dada hana neno tena. Duka na vyote vilivyomo vilishakuwa vya mzee Rajni tangu Alhamisi."

Nje jenereta ilikuwa bado inanguruma.

Rajnikant akamtazama mkewe kwa jicho ambalo nadhani walilimalizia nyumbani. Kisha akatoka, akainama, akaizima jenereta yake mwenyewe. Akarudi akifuta mikono kwa leso. Alitaka kusikika.

Ndani ya utulivu huo, Tarsis akapayuka:

"Dada! Limeganda!"

Alikuwa ameinua kikombe juu. Akakigeuza chini juu, mbele ya macho yetu sote. Halikudondoka hata tone.

Euphrasia akakichukua, akagonga juu yake kwa ukucha. Nikamwona anatabasamu kwa mara ya kwanza. "Haya," akasema. "Kifaa kinafanya kazi. Na jirani ameelimika leo, ingawa kwa njia mbaya. Mimi nitasema duka hili limefaa. Maombi yaliletwa kwa jina la duka, kwa hiyo kazi ni ya duka." Akatuangalia mmoja mmoja. "Sasa mwenye duka ni nani?"

Nikafungua mdomo.

"Mimi," akasema Rajnikant.

Sauti yake haikutetemeka. Yule yule aliyecheka asubuhi mpaka meno yakamcheza. "Mafungu mawili kati ya matatu, nimenunua kihalali. Na hiyo kazi ya jua naichukua."

"Mzee!" nikasema. "Si wewe uliyeniambia serikali unaijua?"

"Naijua sana, binti Sheikhan. Ile siku wanachukua nilikuwa ndani. Leo wanatoa, nimewahi mlangoni."

Nikamgeukia Azzam. Alikuwa anaangalia viatu vyake, vile vya kamba. "Uliapa!" nikamwambia. "Mbele ya shangazi Huda uliapa!"

"Niliapa kwamba ukiipata kazi siuzi," akajibu. "Alhamisi ulikuwa hujaipata."

Ndipo nilipoelewa kwa nini aliwafungulia wale wanawake mlango. Alikuwa ameshauza. Alihitaji nishindwe, ili aondoke na fedha zake kimya kimya na mimi nijione mkosa. Nami nimeshinda, na ushindi wangu umeingia mfukoni mwa Rajnikant. Niliichukia nafsi yangu kwa kile kikombe cha barafu. Kama kingebaki maji, yule mzee angepata chumba tu.

Mnasema nina fungu langu moja. Ndiyo, ninalo. Chumba kimoja mkikigawa mafungu matatu, yeye ana mlango, kaunta na friji. Mimi nina kona ya nyuma penye beseni.

"Mnanichanganya," Euphrasia akasema, uso umekunjamana. "Kama kuna mgogoro hapa, naondoka, na duka la pili kwenye orodha linapata."

"Hakuna mgogoro," Rajnikant akasema haraka. "Mambo ya kifamilia tu. Mama, karibu soda."

Hapo kitu kikanikatika kichwani. Duka sawa, ameuza mwenye mafungu. Lakini zile paneli zilizoko juu? Zile zilikuwa bangili zangu. Zile hata baba hakuziona. Bila zile, friji ni kabati, na Rajnikant hana kazi ya jua wala ya mwezi.

Nikamnyang'anya Tarsis koleo.

"Dada, unaenda wapi?"

"Kushusha mali yangu."

"Binti Sheikhan!" Rajnikant akaita. "Usinifanyie ujinga mbele ya wageni!" Nikasikia kiti kinaanguka, nikasikia Azzam analitaja jina langu. Nilikuwa nimeshafika ngazini.

Sikumwona Ila alipotoka dukani. Nilipoinua macho, alikuwa amesimama kwenye mzunguko wa ngazi ya pili, ameweka mkono mmoja ukutani na mwingine kwenye chuma cha kushikia, amenizibia njia.

"Nipishe, Mama Khushi."

Hakunipisha. Chini yetu miguu ya Rajnikant ilikuwa inaanza kupanda, nzito, na anahema.

"Mlango wa paa nimeufunga," akaninong'oneza, upesi, ili mumewe asisikie. "Ufunguo wa Azzam ninao mimi. Wako nimeutoa kwenye msumari pale dukani, ulipokuwa unatazama barafu."

"Ila, nipe."

"Mume wangu anakuja kunidai nimpe yeye. Nitampa mmoja wenu." Akainama mpaka uso wake ukakaribia wangu, na macho yake yalikuwa bado mekundu. "Kuna jambo moja la harusi ya Khushi. Apa sasa hivi kwamba utalifanya, kabla hajafika, bila kuniuliza ni jambo gani, na funguo ni zako."